Babu Hakupata Pa Kukaa

Usiku ule sikupata hata lepe la usingizi, ndiyo maana ndoto yenyewe ilinikuta mchana kweupe, siku ya Jumapili, ndani ya treni ya kutoka Annecy kurudi Lyon, kichwa kikigongagonga kioo cha dirisha. Watu waliolala pazuri huota usiku. Mimi nilikuwa nimelala sakafuni kwa watu, juu ya godoro la kukunja, paka wao akinitembea tumboni, na kila nilipofumba macho niliiona namba ya Shangazi Rozalia.

Godoro hilo tulilipata kwa ujanja wa Mapendo, msichana wa Bukavu ninayesoma naye. Yeye ndiye aliyenifundisha kuishi wikiendi za Ufaransa. Kwamba Jumamosi usiwahi sokoni, uende mchana wachuuzi wanapofunga, wanakupa nyanya zilizobonyea karibu bure. Kwamba Jumapili maduka hayafunguliwi, na asiyepika jana yake atashindia biskuti. Kwamba kwa kadi ya treni ya vijana unafika popote, ukivumilia kubadilisha treni mara tatu. Tangu mwezi wa tano nilikuwa kiguu na njia: Dijon, Vienne, Valence, na kijiji kimoja cha mawe tulichokipandia mlima saa mbili nzima, tukakuta mkahawa wake wa pekee umefungwa.

"Dada, wewe uko unakimbia nini?" Mapendo aliniuliza siku ile, amekaa juu ya jiwe anajikanda miguu.

Nikamwambia nataka kuiona nchi ya watu. Nilimdanganya.

Nilichokuwa nakikimbia ni simu. Kila Jumapili, saa kumi jioni ya huku, saa kumi na moja ya Songea, Bibi yangu hunipigia kwa simu ya Shangazi Rozalia, binti yake wa kwanza, dada yake baba. Na kila Jumapili saa hiyo mimi nilikuwa mlimani, au kwenye treni, au nasema niko mahali pasipo na mtandao.

Babu alifariki katikati ya mwezi wa tano, mitihani yangu ikiwa imeanza, na sikwenda kumzika. Hilo walinisamehe. Ambalo halikusameheka ni ujumbe nilioandika kwenye kundi la familia: "Poleni sana kwa msiba huu mzito. Mungu awatie nguvu." Ukiandikiwa na mfanyakazi mwenzako ni maneno mazuri. Yakiandikwa na mjukuu ni aibu. Kwetu mjukuu ni mtani wa babu yake. Nilikuwa mke wake tangu nizaliwe, Bibi ni mke mwenzangu, na tumegombania mume huyo kwa maneno ya kila aina. Siku akifa, mjukuu mkubwa ndiye anayevaa koti lake, anatembea mwendo wake na kusema kwa sauti yake mbele ya waombolezaji, mpaka watu wacheke huku machozi yanawatoka. Mjukuu hatoi pole. Anayetoa pole ni jirani. Bibi aliposomewa ujumbe ule alisema, "Ameshakuwa jirani huyu," akageukia ukutani.

Mjukuu mkubwa ni mimi. Wadogo zangu waliogopa kunipokonya zamu, kwa hiyo Babu akazikwa watu wakilia tu mwanzo hadi mwisho. Na mjane kwetu hulala chini, kwenye mkeka, mpaka tanga lianuliwe. Huwa ni siku chache. Bibi alikataa katakata. Alisema tanga la mume wake haliondoki mpaka mke mwenzake atimize kazi yake, hata kama ni kwa simu. Sasa ilikuwa imeingia wiki ya tano, mwezi wa sita, na mwezi wa sita Songea baridi yake haina masihara. Ijumaa Shangazi aliniandikia: "Mwanangu, mama anakohoa usiku kucha. Kitanda hataki. Tunakungoja wewe tu. Unataka tumzike na huyu?"

Sikumjibu. Nilikata tiketi ya Annecy.

Niseme ukweli wangu. Sikuwa naona haya. Babu nilikuwa namwigiza tangu darasa la pili, mwenyewe ameketi palepale, akinirushia ndala. Lakini kumwigiza mtu aliye hai ni mchezo. Ukimwigiza msibani umekubali kwamba yeye mwenyewe hatafanya tena, na mimi sikuwa nimekubali. Nikiwa huku Ufaransa, Babu alikuwa hajafa. Alikuwa tu hajapiga simu.

Basi treni ikaanza kupita kando ya ziwa, pale Aix, maji yakimeta hadi yanaumiza macho. Mapendo alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Nikasinzia na harufu ya lile yai.

Nikajikuta sokoni, soko letu la Jumamosi kando ya mto, pale Lyon. Meza zimepangwa, watu wamejaa, lakini hakuna sauti, hata ya viatu. Na kwenye meza ya jibini amesimama Babu. Amevaa koti lake la kijivu la Jumapili, kalamu mbili mfukoni. Babu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu, na kalamu ya pili ilikuwa ya kumpigia vidoleni anayeimba ovyo. Ameinama, ananusa jibini lenye ukungu wa bluu. Ananigeukia na uso wa mtu aliyetukaniwa mama yake.

"Mke wangu, hiki wanakula wenyewe, au wanategea panya?"

Nataka kucheka. Midomo imegandana. Nataka kumwambia hata mimi niliuliza hivyohivyo wiki ya kwanza, nayo sauti haitoki, na yeye ameshaanza kuondoka. Babu ambaye tulikuwa tunamngoja njiani kila Jumapili sasa anatembea haraka, koti linapepea, nami nakimbia nyuma yake na mfuko wa nyanya unaozidi kuwa mzito kila hatua.

Anaingia kwenye ile nyumba ya mashine za kufulia, mtaani kwangu. Kuna benchi. Anabisha hodi kwenye ukuta, kwa adabu, anataka kukaa. Mwanamke anayekunja mashuka anasema bila kuinua macho, "Pana mwenyewe." Babu anaomba radhi. Tunatoka na mlango ni wa kituo cha treni, viti virefu vya chuma, na juu ya kila kiti kuna begi. "Pana mwenyewe." Tuko ziwani, kwenye nyasi, watu wamejilaza na watoto wao, na hata nyasi zina mwenyewe. Anasimama kwenye mguu mmoja, anaupumzisha wa pili, kisha anabadilisha. Kifundo chake cha mguu kimevimba. Sikuwahi kuona Babu akikosa mahali pa kukaa. Nyumbani akiingia tu, mtoto ananyanyuka kabla hajaambiwa.

Halafu tuko kanisani kwetu, kigangoni, na nilifurahi kweli, nikajua hapa angalau atapata. Kwaya yake yote imekaa kwenye mabenchi, nawafahamu mmoja mmoja, vinywa viko wazi na hawaimbi. Babu anainua mkono, anapiga mguu kuhesabu mwendo. Hakuna anayetoa sauti. Wanamtazama na machozi yanawatiririka, na hakuna hata mmoja anayesogea kumpa nafasi. Nilikasirika. Nikawa nawavuta mabega, nawasukuma, wazito kama magunia ya mahindi, na katika kusukuma huko nikajikuta nasukuma kiti cha mbele yangu. Nimo ndani ya treni, behewa lilelile. Mapendo yuko pembeni na yai lake. Babu amesimama kwenye ujia, ameshika bomba.

Nasimama upesi. Sasa sauti ipo.

"Babu, kaa hapa kwangu."

Anatikisa kichwa. "Hapo ni pako. Pangu hapajatengwa."

"Na nani?"

Alikohoa mara tatu, kama alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema jambo zito, mkono wa kushoto umelala mgongoni.

"Walinililia wote," anasema. "Vizuri, nawashukuru. Ila hakuna aliyenicheka. Mtu hakai kabla hajachekwa. Na mke mwenzako yuko sakafuni, ananingoja mimi nikae ndipo apande kitandani. Tumechoka, mke wangu. Kanicheke."

"Nikikucheka utaondoka."

"Nilishaondoka, mama. Nataka kufika."

Nilimshika koti. Lilikuwa na harufu ya sabuni ya mche na vumbi la kabati, sawasawa na ilivyokuwa, na mimi ni mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu lakini nililing'ang'ania koti lile kama mtoto anayeachwa shuleni. Babu alinitazama mkono, akanitazama usoni. Kisha akainua kidole juu na kunikaripia kwa ile sauti yake ya puani ambayo kigango kizima kiliiogopa:

"Sauti ya pili! Mnalala!"

Nikazinduka. Mkono wangu umeshika mkono wa sweta ya Mapendo, nimeuvuta mpaka umerefuka.

"Dada, niachilie," alisema. "Na simu yako iko inalia. Tena mara ya tatu."

Ilikuwa namba ya Shangazi. Saa kumi na dakika chache. Milima ilikuwa imeisha, nje ni mashamba tu na ng'ombe weupe. Nilibonyeza kabla akili haijanishauri vingine.

Bibi hakusalimia. Nilisikia pumzi yake, na nyuma ya pumzi kikohozi, kile kikavu kinachotoka chini kabisa. Nami sikumwamkia. Ningesema shikamoo ningekuwa jirani tena.

Nikasimama kwenye ujia. Nikaweka mkono wa kushoto mgongoni. Nikakohoa mara tatu.

"Sauti ya pili! Mnalala! Mmekula ugali nyie, au mmekula blanketi?"

Behewa lote likageuka. Mzee mmoja wa Kifaransa alishusha gazeti. Mapendo alijifunika uso kwa mikono miwili. Nikaendelea.

"Mama Rozalia! Mama Rozalia wee! Soksi yangu ya pili iko wapi? Nani kaiba soksi yangu? Nyumba hii ina wezi!" Nikasimama kidogo, kama yeye, nikajitazama mguuni. "Ahaa. Zote mbili ziko huku. Mbona hamkuniambia?"

Hakuna aliyecheka kule. Sauti yangu ilikuwa inaanza kupasuka na nilijua ikipasuka nimekwisha, kwa hiyo nikakaza shingo, nikamtoa Babu wa leo, ambaye hakuna mwingine aliyemwona. "Nimefika Ulaya bila pasipoti, wameniwekea mezani maziwa yaliyooza mwaka juzi. Wanasema ni chakula cha wageni! Mama Rozalia, huku hata ungenichomea ugali ningekula!"

Nikasikia mtu akivuta pumzi puani. Sikujua kama ni kicheko au ni kifua. Nikashindwa kuigiza zaidi, nikasema kwa sauti yangu, "Bibi, amekuja. Sasa hivi, hapa kwenye treni. Anasema hajapata pa kukaa kwa sababu hatujamcheka. Anasema upande kitandani."

Treni ikapita kituo kidogo bila kusimama.

"Amekuja kwako?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, Bibi."

"Kwako wewe."

"Ndiyo."

"Wiki tano nimelala chini hapa, mbavu zimeisha, mimi mke wa ndoa ya kanisani, namngoja hata kwenye ndoto. Hajanijia hata siku moja. Kumbe kavuka bahari kwenda kwako?"

Alikohoa. Aliposhika pumzi, aliwageukia waliokuwa chumbani, na sauti ilikuwa ile yake ya zamani, ile ya kugombana na mimi barazani.

"Mmemsikia mume wenu? Mwanamume huyu! Hata kufa, anaanzia nyumba ndogo!"

Akaanza kucheka. Kwanza yeye peke yake, kwa shida, halafu Shangazi, halafu nyumba nzima, wadogo zangu wanapiga makofi, mtu anagonga sufuria. Nikacheka na mimi, katikati ya ujia wa treni ya watu, machozi na kamasi vinanishuka pamoja, na Mapendo, asiyejua hata tunamcheka nani, alikuwa ameniegemea anacheka pia. Nililia vilevile. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu Babu afe.

Kelele zilipopungua nilimsikia Bibi akiwa mbali kidogo na simu.

"Rozalia, nishike mkono. Miguu imekufa ganzi."