Jina la Aliye Hai

"Weye unasomaka majina ya bantu benye kufa kila siku. Ya bazima utasoma saa ngapi?"

Mwanamke aliyeniuliza hivyo alikuwa amesimama mlangoni mwa redio yetu ndogo hapa Kamina, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi mwaka uliotangulia, na mazoea ya kubishana na kila mtu, kuanzia baba yangu, mwalimu Mmethodisti anayeamini kwamba kila kitu kina ratiba yake. Kazi niliyoipata ilikuwa kusoma komunike, matangazo ya watu, saa kumi na mbili jioni. Mengi yalikuwa ya vifo: jina la marehemu, jina la baba yake, kijiji chake, mahali pa kilio. Mara mojamoja mbuzi aliyepotea.

Mama huyo alikuwa mkulima wa upande wa Malemba-Nkulu. Watu wenye silaha walipoingia kijijini kwao, kila mtu alikimbia na njia yake. Yeye alifika Kamina kwa kaka yake. Binti yake hakufika. Miaka miwili ilikuwa imepita, na padri alikuwa amemshauri kwa upole aombe misa ya wafu. Alikataa. Alitaka redio imtafute mtoto, ila kwa sharti moja: jina lisisomwe.

"Sasa tutamtafuta namna gani, mama?"

"Sema tu: mutoto mwanamuke mwenye kovu kwa goti ya kushoto, mwenye kucheka mbele ya kusema, mama yako iko Kamina kwa mujomba."

"Wenye kovu kwa goti ni wangapi katika jimbo hili?"

"Atajijua."

"Na jina, kwa nini hapana?"

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayenyoosha mkono kwenye makaa. "Jina ikipita mu redio, muntu anaisha."

Nilisoma alivyotaka, Jumamosi mbili. Hakuna aliyekuja. Jumamosi ya tatu nilijiambia kwamba ushirikina hautamrudisha mtu yeyote nyumbani. Nilisoma jina la binti, la baba yake, la kijiji chao, kisha nikasema kwa sauti yangu safi kabisa kwamba anatafutwa na mama yake. Niliondoka studio nikijiona nimefanya kazi ya maana.

Nilichokuwa sijakitambua ni kwamba jina, baba na kijiji vikifuatana saa ile, hakuna Mkamina anayengoja mwisho wa sentensi. Watu huinuka kutafuta mkeka wa kukalia kilioni.

Asubuhi nilipita nyumbani kwa kaka yake mama kuuliza kama kuna habari. Wanawake walikuwa wamekwisha kuketi uani, wengine wakilia. Kuni zilikuwa rundo. Wanaume wawili walikuwa wakichimba mashimo ya miti ya turubai. Katikati alisimama mama, mwiko mkononi, hata uji wake hajaumaliza.

"Nani amekufa? Munatoka wapi na hizi kuni?"

"Tumesikia kwa redio, mama. Pole."

"Redio imesema namutafuta!"

"Redio inasemaka majina, sisi tunakuja," alisema mzee mmoja mwenye kuku kwapani. "Kwani siku ingine inasemaka nini?"

Aliponiona langoni, mama hakupiga kelele. Alininyooshea mwiko. "Huyu njo amemuua. Muulizeni yeye."

Nilieleza. Nilirudia mara tatu, kila mara nikitumia maneno marefu zaidi, mpaka bibi mmoja akanikatiza, akiniita kama wanavyoitwa hapa wasichana wasomi. "Mamzele, tumeelewa. Hakufa. Sasa kuni tupeleke wapi?" Wenzake wakacheka kidogo, wakijifuta machozi. "Tumeisha kukaa," akaendelea. "Mupike bukari. Tutalia kidogo tu, kisha tutaenda."

Walikula ugali huo, wakaenda. Lakini kaka yake mama, aliyesikia redio akiwa kazini kwa zamu ya usiku na kuamini kama wengine, alikuwa amekwisha kumtuma muuza samaki aliyekuwa anarudi Kabondo-Dianda kwa kinga, baiskeli yake yenye mbao nyuma, awaambie watu wa ukoo waje kulia. Muuza samaki alikuwa ameondoka alfajiri. Hakuna simu iliyomshika njiani.

Jioni nne mfululizo nilisoma kwamba binti yule hakufa, kwamba kosa lilikuwa la msomaji. Haikusaidia huko alikokwenda mtu wa samaki. Redio yetu haifiki Kabondo-Dianda. Kilio kinafika.

Nilikwenda kwa mama kila siku baada ya kazi. Alinipa kiti, akaendelea kuchambua maharagwe. Kilichonitia hofu ni kwamba siku ya sita nilimkuta amevua kitambaa chake cha rangi na kufunga cheusi. Kaka yake akaninong'oneza kwamba ameuliza tena habari ya misa. Miaka miwili mwanamke huyu alikuwa amemshika mtoto wake kwa kutolitoa jina lake, nami nilikuwa nimemfungua vidole kimoja kimoja.

Siku ya kumi na moja, mchana, muuza samaki alirudi. Nyuma yake kwenye kinga alikaa msichana mwenye vumbi hadi kwenye nyusi. Alishuka akichechemea kwa ganzi, akatuangalia sote, akacheka kabla hajasema lolote.

Mama aliinuka na maharagwe yakamwagika. Alimpiga binti begani kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu, kisha akalishika bega lile lile na hakuliachia.

"Miaka mbili! Njia ya Kamina haukuiona?"

Binti aliinamisha kichwa. Mimi ambaye huuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza. Mjomba wake alipomwambia kwamba mimi ndiye msomaji wa redio, binti akanigeukia.

"Njo weye mamzele uliniua?"

"Njo mimi."

"Ulifanya muzuri. Nilikuwa nachota maji, bamama banalia, nasikia jina yangu. Nikaweka ndoo chini, nikauliza: kilio yangu iko wapi, niende?"

Hata mama alicheka, bado ameshika bega.

Wiki iliyofuata mama alikuja redioni, safari hii amevaa viatu, akataka jina la binti lisomwe tena, kwamba ameonekana. Nilimwomba tusilisome jioni. Tukaanza kipindi kidogo cha saa moja asubuhi, kwa ajili ya wanaotafutwa na walioonekana tu. Mwanzoni walikuja wawili, watatu. Sasa kuna foleni mlangoni kabla sijafungua. Wengine bado hawataki jina litajwe, huleta kovu, mwendo, namna ya kupiga chafya. Naandika wanavyosema. Nabishana nao kidogo, si sana.

Mwaka jana, tukimenya mihogo nyuma ya nyumba yao, binti aliniambia jambo ambalo mimi nilikuwa sijalijua. Wakati wa kukimbia, mvuvi mmoja alimwambia kwamba ameuona mwili wa mama yake njiani. Alikaa kilio cha mama yake huko Kabondo-Dianda, akanyoa nywele, akamaliza matanga. Hakuja Kamina kukanusha kifo chake mwenyewe. Alikuja kwa sababu muuza samaki, alipoulizwa ni nani anayelia huko Kamina, alisema: mama yake.