Jedwali la Zamu za Kisima Lilipogeuzwa Picha

Tulikuwa wanne kwenye mkeka wangu hapa Garissa siku ile: mimi, shemeji yangu ambaye ni mdogo wa marehemu mume wangu, mwanawe anayeuza simu sokoni, na mjukuu wangu, binti wa mwanangu mkubwa, anayefanya kazi ya kompyuta ofisini. Majina yao yote ninayo, hata ya ngamia wa shemeji ninayo moja moja, lakini siyaandiki. Watanigombeza.

Shemeji alikuja kuniaga. Wachungaji wake walikuwa wameshaondoka asubuhi na ngamia wote, wakielekea upande wa Ijara kutafuta maji. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na wengine ni ndama hata miguu haijakaza. Na mbuzi wangu? Mbuzi wangu hunywa ndani ya zamu yake. Yeye akihama, mimi sina zamu.

Sababu ya yeye kukiacha kisima chetu nieleze. Kisima chetu cha mashine kinatutosha tukinywesha kwa zamu tu. Mjukuu wangu ndiye anayezipanga zamu katika jedwali la kompyuta: mwenye mifugo, siku, saa. Ili azigawe saa kwa haki, lazima ajue kila mtu ana wanyama wangapi. Sasa wewe usiye wa huku, elewa: kwetu mtu haulizwi ana ngamia wangapi. Ni kama kumwambia avue nguo sokoni. Ukiitaja idadi mbele ya watu, umeiitia mali yake jicho baya. Watu walimwambia binti yule kwa sababu walimwamini. Naye akaiweka idadi katika safu yake, akaificha ile safu, akalituma jedwali kwenye kundi letu la simu.

Mwana wa shemeji akalifungua dukani. Akaona herufi za juu ya safu zinaruka: A, B, halafu D. Akajiuliza C imekwenda wapi. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, ikatokea. Hakuwa na nia mbaya, wallahi, ni domo tu. Akatuma sauti kundini: "Jamani! Mzee wangu ana ngamia wote hawa, na mimi ananiambia nisubiri mvua ndiyo nioe!"

Watu walicheka kuanzia hapa mpaka Tarbaj. Shemeji hakucheka. Kesho yake ngamia wake wa maziwa akaanza kuchechemea, na hakuna aliyehitaji kumwambia kwa nini.

"Nilikuambia wewe," shemeji akamwambia mjukuu wangu pale mkekani, chai hajaigusa. "Sikuliambia kundi."

"Awoowe, babu yangu, nisamehe. Nilidhani kuficha kunatosha. Lile jedwali nimelifuta. Sasa situmi jedwali tena, natuma picha."

"Picha ya nini? Ya ngamia wangu?"

"Ya zamu tu. Ile safu naiondoa kwanza, halafu kinachobaki nakigeuza picha. Picha haina kitu nyuma yake. Wala hakuna atakayeweza kusogeza saa ya mwenzake." Akamwonyesha kwenye simu.

Shemeji akamgeukia mwanawe. "Wewe, fundi wa kufungua. Haya, fungua."

Kijana akaipokea simu. Akabonyeza, akavuta kwa vidole, herufi zikavimba mpaka zikawa madoa.

"Hakuna kitu, aabo," akamwambia baba yake.

"Tafuta C."

"Hakuna C, hakuna hata A. Ni picha tu, kama ile ya kitambulisho chako."

"Vuta tena. Siku ile hukutumwa, na ulivuta."

Nikaziba mdomo kwa ushungi nisicheke. Akavuta mpaka kioo chote kikawa cheupe.

"Na wale walioisoma ile ya kwanza?" nikauliza. Pengine ningenyamaza, lakini kiu ya mbuzi wangu ilikuwa inanisukuma.

"Waliosoma wamesoma habari za mwezi uliopita," akasema shemeji. "Tangu hapo kuna waliozaa, kuna niliouza. Idadi ile si yangu tena." Nilimwona alivyoyapenda maneno yake mwenyewe. Akavuta kikombe karibu.

Mwanawe akadakia, "Kwani waliozaa ni wangapi?"

Tukamgeukia wote watatu.

"Toka hapa!" akafoka shemeji, lakini chai ilimpalia kwa kicheko, na mjukuu wangu akampiga mgongoni taratibu. Alipopata pumzi akampigia mchungaji. "Mmefika wapi? Basi simameni. Ndama wapumzike kivulini, jua likipoa mrudi. Zamu yetu ni Alhamisi alfajiri, nimeiona kwa macho yangu."

Alhamisi mbuzi wangu walikunywa mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Mimi nilikuwa palepale kisimani, nimekaa juu ya dumu, nimeridhika.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Huenda chai ilimpalia baada ya simu, si kabla, na yale maneno ya herufi nayaandika kama nilivyoelezwa. Nyinyi watatu mliokuwa mkekani, nanyi mlioisikia ile sauti kundini, kama kuna nilipopindisha, njooni mniambie nirekebishe. Ila idadi msiitaje.