Drafti Juu ya Tumbo Langu

Bodaboda ilinigonga asubuhi, nikiteremka kutoka Mengo kwenda Kisenyi, ambako nashona sare za shule. Mfupa wa paja la kulia ulivunjika. Hospitalini daktari alinipitishia chuma kwenye mfupa chini ya goti, akafunga kamba, akaipitisha kwenye kapi mwisho wa kitanda, na kwenye ncha ya kamba akaning'iniza kidumu cha maji.

"Uzito huu utauvuta mguu mpaka mfupa uunge ukiwa umenyooka," alisema. "Usiguse kamba. Usigeuke. Wiki tisa."

Wiki tisa chali. Nilikula chali, nikaoshwa chali, nikajisaidia kwenye beseni huku nimefumba macho kwa aibu. Dirishani niliona kipande cha kilima cha Lubaga na pembe ya paa la nyumba ya mtu. Kisigino kiliniwasha na sikuweza kukifikia, na nadhani nililia zaidi kwa ajili ya kisigino kuliko mfupa.

Kitanda cha pili alilala mwanamke wa kaskazini, sajenti mstaafu wa polisi, aliyeanguka bafuni akavunja nyonga. Wote tulimwita Afande, hata masista wa wodi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi kama amri. Wiki ya pili alinisikia nikilia.

"Wewe binti. Unajua drafti?"

"Naona wanaume wanacheza kule gereji."

"Sijauliza wanaume."

Alikuwa na ubao wa kadibodi uliochorwa kwa kalamu, na vizibo vya soda kwenye soksi. Vilivyotazama juu vilikuwa vyangu, vilivyogeuzwa vya adui. Kwa kuwa hakuweza kujigeuza auone ubao, sista aliuweka juu ya tumbo langu, tukaipa miraba myeusi namba, moja hadi thelathini na mbili. Afande akitazama dari alinitajia kila kizibo kikae namba ngapi. Kisha akasema, "Hatua nne. Toka."

Hatukucheza mchezo mzima hata siku moja. Alinipa mafumbo tu: kete zangu chache zimebanwa kona, kete za adui nyingi, na mimi nitafute njia. Siku za kwanza nilisogeza ovyo, nikakwama, nikahema kwa hasira mpaka vizibo vikateleza shukani.

"Pumua polepole," alisema. "Vizibo yangu inaanguka."

Alinikumbusha kwamba katika drafti ukiweza kula, lazima ule, utake usitake. "Wewe unafikiri utafanya nini. Acha hiyo. Fikiri yeye atalazimika kufanya nini." Taratibu nikaanza kuona. Ninampa kizibo kimoja, analazimika kukila, anaacha nafasi nyuma yake. Ninampa cha pili, anavutwa tena, na hapo kizibo changu cha mwisho kinaruka vitatu. Fumbo moja lilinichukua siku mbili. Nilipolipata nilipiga kelele, sista akaja mbio akidhani kamba imekatika.

Nisidanganye, drafti haikunitoa kitandani. Kila nikimaliza fumbo, kidumu kilikuwa palepale.

Wiki ya tano alikuja baba mdogo, ambaye ndiye aliyenilea. Alibeba chupa ya chai na uso wa furaha.

"Mwanangu, Bombo kuna mzee anafunga mifupa. Wiki tatu unatembea. Gari iko nje."

Nilitaka kuondoka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sista alileta karatasi, akasema nikisaini, nimeondoka kwa hiari yangu. Nikashika kalamu.

"Binti," Afande aliita, macho darini. "Usimwangalie baba. Niambie, ukisaini, nini inafuata?"

"Wanatoa kidumu."

"Halafu?"

"Mguu unajivuta." Daktari alikuwa ameniambia hivyo, kwamba nyama zitavuta vipande vya mfupa vipandane.

"Halafu?"

"Gari. Mashimo ya barabarani." Sauti yangu ilikuwa imeshuka. "Halafu kama mzee akishindwa, narudi hapa. Naanza wiki ya kwanza."

Nilimrudishia sista kalamu.

"Mgeni ndiye anakushauri?" baba mdogo alifoka. Aliondoka bila kuniaga, na chupa ya chai mkononi. Usiku na mchana uliofuata nilimchukia Afande. Kabla ya hapo nilikuwa nimefungwa na daktari. Sasa nilikuwa nimejifunga mwenyewe, na sikuwa na wa kumlaumu.

Siku kumi baadaye wana wawili wa Afande walikuja kumchukua. Waliishi mbali, walikuwa wamechoka na safari, na walikuwa wameshaamua. Nilimwambia awakatalie, kama nilivyokataa mimi.

"Wewe ulikuwa na hatua," alisema. "Mimi pesa ya kulipa mtu imeisha, nani atanipikia hapa? Nani ataniosha? Sina hatua."

Walimbeba kwa shuka. Alipopita mlangoni alipiga ukelele, mara moja, na sikuwahi kumsikia akilia kabla ya hapo. Nilibaki nimelala, ubao alioniachia juu ya tumbo, sikuweza hata kujiinua nimwone akienda. Mafumbo niliyojitungia baadaye yalikuwa na makosa. Ama yalifunguka kwa hatua moja ama hayakuwa na njia kabisa.

Nilitolewa kidumu wiki ya tisa. Mguu wa kulia umepungua urefu kwa upana wa kidole, lakini unakanyaga cherehani. Baba mdogo ndiye aliyekuja kunichukua. Alinishika mkono hadi kwenye gari, na habari ya Bombo haijatajwa mpaka leo.

Mwezi uliopita nilipata namba ya mwana mmoja wa Afande, akampelekea simu barazani anakolala.

"Umesimama, Afande?"

"Bado." Nilisikia kuku, na mtu akitwanga. "Hapa naona barabara, watu wanapita. Hospitali ilikuwa dari tu." Kisha akauliza kama shule zimefunguliwa, na kama nina kazi nyingi, na nikamwambia ninazo.