Zimwi la Maua ya Zambarau

Mabinti wa dada yangu, waliokuja likizo kwangu hapa Bariadi, wana mchezo wao wa mezani. Mmoja anasimulia, wengine wanajifanya watu waliopotea ndani ya simulizi, na dadu ndiyo inayoamua nani apone. Jumapili moja mchana, mvua ikinyesha taratibu juu ya bati, waliniomba niwatungie zimwi la mmea.

"La kutisha kweli, mamdogo," alisisitiza mkubwa. "Siyo la katuni."

Nikawaambia zimwi langu halina meno. Linalala udongoni miaka mingi, dogo kuliko chembe ya ugoro, likisubiri mzizi upite karibu. Ukipita, linaung'ang'ania na kunywa. Mvua inanyesha, mmea unanyauka vilevile, na mwenye shamba anabaki ameduwaa. Kisha linachomoza juu na kuchanua maua ya zambarau, mazuri hadi unatamani kuyavaa.

"Tunaliuaje?"

"Pandeni pamba. Mizizi ya pamba inaliamsha, halafu halipati cha kunywa, linakufa."

Walicheka, wakidhani nimetunga. Sijatunga kitu. Kwetu Nkoma mmea huo tunauita kiduha, na kila mkulima anaujua. Wao wakarusha dadu, wakaendelea kufa na kufufuka, nami nikawa sipo tena pale mezani.

Nilikuwa na miaka tisa, nikilelewa na bibi yangu. Hakuna aliyepanda maua kijijini. Ardhi ilikuwa ya pamba, mahindi na mtama, na aliyetaka kutazama kitu kizuri alitazama ng'ombe. Ndiyo maana nilikipenda kiduha. Amri ilikuwa king'olewe kabla hakijachanua, kichomwe moto. Mimi, mbishi tangu tumboni, nilivuka korongo hadi kwenye shamba lililotelekezwa, nikachuma mafungu kwa mafungu na kuyaficha ghalani mpaka yakakauka.

Halafu nikacheza harusi peke yangu katika shamba la bibi, mtama ukiwa umeshavunwa. Nilikuwa bibi harusi, nilikuwa pia wageni wote. Nilijirushia maua kichwani, nikayapukuta huku na huku nikizunguka, mpaka vumbi la kahawia likanijaa kwenye nywele. Jua lilikuwa laini, na nilizunguka hadi ardhi nayo ikazunguka. Ile furaha ninayo hadi leo, na inaniudhi kwamba bado ni furaha.

Msimu uliofuata mvua ilikuwa nzuri, lakini mtama wa bibi ukainama. Kisha shamba zima likageuka zambarau, letu peke yake, huku mashamba ya majirani yakiwa safi. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kiduha cha kawaida huingia kidogo kidogo, watu walisema, hiki kimetumwa. Jirani yetu alikuwa mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na kila alfajiri alikatiza shambani kwetu akienda kisimani. Lisemwalo lipo, wakanong'ona. Wazee wa sungusungu wakaitisha kikao ili atengwe. Kutengwa kwetu si jambo dogo. Hupewi moto, hupewi chumvi, husalimiwi, na ukifa hakuna wa kukuchimbia kaburi.

Siku moja kabla ya kikao nilimweleza bibi kila kitu, tukiwa tumesimama katikati ya yale maua. Nilitaka anichape. Nilikuwa hata nimeshamletea fimbo.

Bibi aliketi juu ya tuta. Aliniamini, nilimwona usoni. Nyuki walikuwa wengi.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna, bibi."

"Basi usimwambie mtu. Watasema jirani ndiye aliyekufundisha uchawi. Halafu wataanza kuyachunguza macho yako wewe pia."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mjukuu mmoja na jirani mmoja, akachagua. Alikwenda kikaoni, akakaa kimya mwanzo hadi mwisho, akarudi kunipikia ugali. Niliula wote, nilikuwa na njaa.

Asubuhi yake nilimkuta mjane kisimani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini, naye akatokea ndani yake akiwa na ndoo tupu. Sijui kama alikuwa ameshapata habari kwamba ametengwa.

"Mwangaluka, mwanangu," alinisalimu, kama kila asubuhi.

Jibu lake ni neno hilohilo, unalirudisha tu. Lilikuwa mdomoni. Nikainamisha kichwa, nikapita na maji yangu.

Nyuma yangu akasalimu tena, safari hii kwa sauti ya juu kidogo, akidhani sikumsikia.