Ugonjwa Niliousema kwa Kifaransa

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, nilipoambiwa nijifanye mgonjwa wakati nilikuwa mgonjwa kweli. Nilikuwa mke mpya katika nyumba ya mume wangu, hapa hapa mtaani Biryogo. Usinihimize, nitafika. Siku hizi pumzi zangu ni fupi na maneno yanakuja yanapotaka.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na wateja wake wa maana walikuwa mabibi wa Kiyovu, mtaa wa matajiri kule juu mlimani, ambao hawakupenda kupimwa kifua na kiuno na mwanamume. Ikaamuliwa kwamba mimi ndiye nitakayepanda kule na utepe wa kupimia, na kwa kuwa mabibi wale walisema Kifaransa, ikaamuliwa pia nikajifunze Kifaransa. Mimi sikuulizwa. Sisemi kwa uchungu, ndivyo mambo yalivyokwenda, na kwa kweli nilifurahi kupata sababu ya kutoka nje ya ule ua.

Tulisomea sebuleni kwa Madamu Spesioza, mwalimu mstaafu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha. Nyinyi mnajifunza lugha kwa simu, mnaongea nayo na inawajibu, lakini sisi tulijifunza kwa kuigiza. Leo mmoja muuzaji na mwingine mnunuzi, kesho mmoja mgeni na mwingine mwenye hoteli. Wiki ile tulikuwa na daktari na mgonjwa. Madamu mwenyewe alikuwa daktari. Alituita mmoja mmoja kwenye kiti, akatusalimu, akatuuliza hali, na sisi wote, bila hata mmoja kukosea, tukamjibu kwa Kifaransa safi kwamba hatujambo.

"Kama hamjambo, hapa hospitali mmekuja kutembea?" akatuuliza.

Tulicheka, lakini tulirudia kosa lile lile. Ndivyo tulivyolelewa katika mji huu. Ukiulizwa habari, ni nzuri, hata kama umetoka kuzika.

Na mimi, mwanangu, nilikuwa na langu. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imeharibika ikingali changa, kabla sijamwambia mtu yeyote, na damu ilikuwa haijakatika. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Bujumbura kutafuta vitambaa. Nilifua nguo zangu alfajiri, nikazianika chini ya kanga ili zisionekane. Nikisimama ghafla, ua wote ulizunguka nami. Hakuna aliyenikataza kuumwa, lakini niliingia nyumba ile nikijua kwamba mke mpya huamka wa kwanza na haumwi. Mama mkwe akiniuliza nimeamkaje, nilimwambia salama. Niliogopa atasema mwanawe ameletewa mwanamke mbovu.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimekariri jino. Jino linaniuma tangu jana, basi. Madamu akaniuliza naumwa wapi, nami nikafungua mdomo, na badala ya jino nikasema tumbo, halafu nikasema damu, halafu nikasema mtoto, na kwamba mtoto hayupo tena. Kifaransa changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilitosha. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini jambo lile lilitoka pale. Nadhani ni kwa sababu maneno yale hayakuwa ya kwetu. Sikuwahi kumsikia mama yangu akiyanong'ona wala shangazi akinikanya nisiyaseme mbele za watu. Ilikuwa rahisi, karibu ilikuwa raha.

Wenzangu walicheka, mmoja akasema mimi ni mwigizaji hodari. Madamu hakucheka. Aliniuliza swali ambalo halikuwa katika somo: tangu lini? Nikamwambia, tangu kabla ya mfungo. Na mfungo ulikuwa umekwisha. Akawaaga wengine mapema, akanibakiza.

"Mimi si muganga," aliniambia, sasa kwa Kiswahili. "Mimi ni mwalimu wa maneno. Unaniambia mimi ugonjwa ambao hujamwambia mtu unayekula naye sahani moja? Nani yuko nyumbani?"

"Mama mkwe tu."

"Basi leo unafanya zoezi hili na yeye. Kwa Kiswahili. Kesho utanieleza daktari alisema nini, na kama hukufanya nitakuja mimi mwenyewe."

Nilirudi polepole, nikishika kuta za vichochoro. Mama mkwe wangu, Mama Zuhura, alikuwa amekaa ukumbini akitia vifungo kwenye kanzu. Alikuwa mwanamke mkavu, mwanangu, mjane wa siku nyingi, wa maneno machache na mengi ya hayo ya kukosoa. Kifaransa changu alikiita lugha ya kupimia viuno. Nilipomwambia mwalimu amenipa kazi ya nyumbani na kwamba yeye anatakiwa awe daktari, nilitegemea atanifukuza. Kumbe aliweka kanzu pembeni, akautundika utepe wa kupimia shingoni kama kile chombo cha madaktari, akakaa wima.

"Haya, mugonjwa. Iko shida gani?"

Nikamwambia. Mara hii hapakuwa na raha yoyote, kila neno nililing'oa. Nilitazama mkeka. Nilipomaliza nikasubiri aseme lile neno nililoliogopa.

Aliutoa utepe shingoni, akaukunja, akaurudisha tena shingoni.

"Muganga amesikia," akasema. "Muganga anasema kesho asubuhi unakwenda hospitali. Hufagii, huchoti maji. Muganga mwenyewe atakupeleka. Tena muganga anakuuliza, mbona ulichelewa kuja?"

"Niliogopa, muganga."

"Uliogopa nani?"

Niliutazama utepe shingoni mwake. Alijua. Alitikisa kichwa kidogo, na hakutoka mchezoni hata hapo, na mpaka leo namshukuru kwa hilo, kwa sababu kama angeniita jina langu wakati ule ningekimbia.

Nilidhani tumemaliza. Nilianza kuinuka nikawashe moto, akanishika mkono. Akanivika utepe shingoni mwangu mimi.

"Sasa wewe muganga," akasema. "Mimi iko mugonjwa."

Nilicheka kidogo, nikamwuliza, "Unaumwa wapi, mama?"

"Hakuna mahali. Nimechoka." Aliitazama mikono yake. "Tangu baba yao afe, nimechoka. Kila mtu ananiuliza habari, nasema nzuri, anapita. Hata wewe."

Mwanangu, Madamu Spesioza alikuwa ametufundisha daktari humwambia mgonjwa anywe dawa, alale, arudi wiki ijayo. Hakutufundisha la kumwambia mtu wa namna hii. Nilikaa na utepe wangu shingoni, nikalia, naye akalia, hakuna aliyemfariji mwenzake. Kisha adhana ya magharibi ikasikika, naye akaenda kutawadha.

Kesho yake alinipeleka. Nilisafishwa, nikaongezwa damu. Daktari, wa kweli huyo, alisema ningengoja kidogo zaidi angekuwa anazungumza na mama mkwe peke yake, si na mimi. Nilipona, nikazaa. Mama Zuhura hakuwa na ugonjwa wa kulazwa. Ila tangu siku ile, kila nilipomwuliza habari nikajibiwa nzuri, sikupita. Nilikaa nikamwuliza tena. Mara nyingi alinifukuza nikafanye kazi. Mara nyingine aliweka sindano chini akanijibu, na siku hizo chakula kilichelewa na hakuna aliyekufa kwa hilo.

Sasa yeye hayupo, na mume wangu hayupo, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba. Mnanisalimu vizuri sana, nyote wajukuu zangu, mkienda na mkirudi. Mna adabu. Mnasimama mlangoni, mnauliza, "Bibi, habari za leo?" na mguu mmoja uko nje tayari. Nami najibu nzuri, kwa sababu mguu ule nauona. Leo umekaa, kwa hiyo nakwambia kwa Kiswahili, si kwa mchezo: nimechoka, mwanangu. Sitaki dawa. Nilitaka tu mtu asikie.

Nasaha yangu ndiyo hiyo, haina mapambo. Ukiumwa, usingoje upate lugha ambayo huionei haya. Sema kwa lugha ya nyumbani kwako, kwa mtu wa nyumbani kwako, hata kama unamwogopa, maana huenda na yeye anakuogopa wewe. Na ukimwuliza mtu hali, uliza ukiwa umekaa. Jibu la kwanza ni la adabu tu, msubiri akupe la pili.

Mungu akupe afya, mwanangu, na siku afya itakapopungua akupe mtu ambaye hatapita. Nawe akufanye uwe mtu huyo kwa mwingine. Amina. Sasa nisaidie kuinuka.