Utenzi wa Wayunani katika Jiko la Matrah

Juzi mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alikuja kwangu Ghubra akaniuliza, "Bibi, mbona katika tenzi za Wayunani wa kale wanawake kazi yao kufuma na kuwanawisha wageni tu?" Nilimjibu kwa mkato, maana ghafla nilisikia harufu ya ndimu kavu na moshi wa kuni, na uso ukanichoma kwa haya. Ngoja nikusimulie wewe, rafiki yangu.

Tulifika Matrah, mji wa bandari huku kwa Waarabu, baada ya kuihama Unguja, mwaka wa sitini na nne. Baba akaendelea hadi Kuwait kutafuta kazi. Mama na sisi watoto tukapokelewa na shangazi yake baba, mjane aliyetoka Unguja zamani, tukimwita bibi. Alitupa chumba kizuri kuliko chake. Asubuhi alituletea mikate ya moto na chai ya maziwa, mchana sinia la wali na samaki, na kila tulipotaka kunyanyua chombo alitwambia, "Kaeni. Nyie wageni wangu." Ikapita Ramadhani, ikapita nyingine, na hata siku moja hakutuuliza tutaondoka lini.

Mama alikuwa mwalimu Unguja. Alasiri, wanawake wa mtaani walipokuja kunywa kahawa, aliwasimulia alichosoma katika tenzi hizo za Wayunani: msafiri anabisha mlango, anaogeshwa, anavishwa, analishwa, ndipo anaulizwa jina lake. Bibi alizipenda mno. "Watu wenye adabu hao," alisema. Siku moja, akichambua mchele, aliuliza bila ya kuinua macho, "Na huyo mwanamke aliyepika, yeye alikula saa ngapi?"

Mama alifikiri. "Utenzi hausemi."

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka. Kesho yake, tulipokwisha kula, alinishika mkono tukaenda jikoni. Bibi alikuwa amechutama nyuma ya mlango, anakwangua ukoko wa sufuria na kuushushia chai ya rangi. Samaki wote alikuwa ametupa sisi. Alipotuona aliifunika sufuria kwa upindo wa kanga yake. Sijui nani alifedheheka zaidi, yeye au mama.

"Kuanzia leo tunakula sote pamoja, shangazi," mama alisema.

"Unanitia aibu nyumbani mwangu, mwanangu. Mimi nnakula nitakapo."

Hakusema nasi mpaka Ijumaa. Mama naye hakulegea. Kila sinia lilipoletwa tulikaa mikono mapajani, wali ukipoa, mpaka bibi akaja kukaa ukingoni, akala tonge chache kichwa chini, kama anayeiba.

Mwaka wa sabini baba alirudi, mama akapata kazi ya kufundisha skuli ya wasichana, tukahamia nyumba yetu Ruwi. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa bibi. Mama alimuuliza, "Nikupikie nini, shangazi? Sema unachokipenda wewe."

Bibi alimtazama mama, kisha akatutazama sisi watoto.

"Sijui," alisema mwisho. "Pika wanachopenda watoto."

Nyumba yake ilivunjwa, na pale palipokuwa na jiko magari yanapita. Watu wa Matrah waliobaki bado humsifu kwa ukarimu. Tulikula nyumbani mwake miaka ile yote, na mpaka anazikwa hatukujua alipenda chakula gani.