Mstari Mwekundu wa Domitille Kapya

Domitille Kapya alizaliwa Pweto, mama yake akiuza samaki wakavu, na akaja Lubumbashi kusomea umeme. Aprili 1997, waasi walipoukaribia mji, wakubwa wake wa kazi walikuwa wameshavuka kwenda Zambia. Ofisini alibaki yeye na fundi mmoja, Nono.

Asubuhi ile laini kubwa ya umeme ilikatika. Iliyobaki haikuweza kubeba mji mzima. Ikizidiwa nayo ingezimika, na hospitali ingebaki gizani watu wakiwa wamefunguliwa matumbo. Ilibidi mtandao ugawanywe: sehemu moja iwake, nyingine izimwe. Kila waya uliovuka mpaka wa sehemu hizo Nono angeufuata kwa miguu hadi kwenye kabine yake, kijumba cha transfoma, au kwenye nguzo, na kuukata kwa mkono, katika mitaa yenye askari walioanza kupora. Domitille alitaka nyaya hizo ziwe chache kadiri inavyowezekana.

Kabine zilikuwa nyingi mno kwa jicho moja. Alitumia njia aliyoisoma chuo kikuu, ambayo kwa kawaida huachiwa kompyuta. Kabine zilizoshikana sana alizifunga pamoja kama kitu kimoja, mafungu akayaunganisha tena, mpaka Lubumbashi yote ikawa viduara vichache kwenye karatasi. Hapo akapiga mstari mwekundu. Kisha akaanza kuyafungua mafungu polepole, na kila alipofungua alisogeza kabine za mpakani, hii huku, ile kule, nyaya za kukata zipungue.

Mlango ulipigwa teke. Komanda wa jeshi la serikali aliingia na askari wake, wakamlaza Nono chini.

"Hii iko nini?" Komanda aliishika karatasi.

"Ni courant, umeme tu, mon commandant."

"Unaongopa! Unagawanya muji. Unachorea adui njia."

 Domitille alieleza viduara, akaeleza mstari, akasikia sauti yake ikipanda kama ya mtoto. Komanda alisikiliza hadi mwisho.

"Camp yetu iko upande gani?"

Alifikiria kudanganya. Lakini kambi ikizimika wangerudi.

"Upande wa giza."

Askari mmoja alikoki bunduki. Komanda akasukuma penseli mezani. "Ingiza camp kwenye mwangaza."

"Nikiingiza, lazima kitu kingine kitoke. Mzigo hautaenea."

"Toa hospitali."

"Hapana," alisema, na mwenyewe akashtuka kulisikia neno hilo. "Ba commandant, hata majeruhi wenu wako mule."

 Domitille hakungoja jibu. Aliutoa mtaa wa Katuba, ambako dada yake Virginie alikuwa amejifungia na watoto, akaiingiza kambi. Mizani ya mzigo ilikaa sawa, lakini mstari ulijipinda na kuvuka nyaya mpya, kando kabisa ya kambi. Nono, akiwa bado sakafuni, aliinua kichwa akaiona alama mpya. 

Walipoondoka, Domitille alimwambia, "Baki. Nitaenda miye."

"Weye hauwezi kupanda nguzo, mama." Akachukua mkanda wake wa kupandia akatoka.

Domitille alikaa mbele ya mita. Sindano ilishuka kidogo, waya mmoja umekatwa, ikatulia, ikashuka tena. Kila iliposhuka alijua Nono bado anaishi. Katuba ilizimika. Milio ya risasi ikasogea. Kisha sindano ikasimama, na waya wa kambini ulikuwa bado haujakatwa. Alisubiri huku akishindwa hata kuomba. Mwishowe, alipokuwa hatazamii tena, ikashuka.

Laini haikufa. Hospitali iliwaka hadi waasi walipoingia mjini, na kambi iliwaka pia, tupu, kwa kuwa askari walikwishakimbia.

Virginie na watoto walikuwa wazima. Nono hakurudi. Domitille alimtafuta mtaa kwa mtaa, akamkuta nyumbani kwa mama mmoja muuza mkaa, paja limefungwa kitenge kilicholowa damu.

"Ule waya wa mwisho," Domitille alimwambia akilia, "ni miye niliuweka pale."

"Niliona," Nono alisema. "Nilikaa chini ya nguzo, nikasema sipandi. Halafu nikapanda." Alifumba macho. "Naogopa mpaka sasa, mama. Nikisikia jina lako tu, naogopa."

Mguu ulipona. Nono aliomba kuhamishiwa Likasi, na Domitille ndiye aliyemtafutia nafasi hiyo.